Lisbon ya Papa Léonard

Klak.

Kimya kidogo, kisha mlio mwembamba wa kitu kinachozunguka, kisha tena: klak.

Désiré alikuwa amekaa gizani. Umeme wa chumba chake ulikuwa umekwisha tangu jua lilipozama, na kadi ya kuuongeza ilikuwa bado dukani, ikimsubiri mtu mwenye moyo wa kwenda kuinunua. Binti yake Cathy, mwenye miaka mitano, alikuwa amelala na viatu vyake. Yvette, mama yake Cathy, alikuwa dirishani akichua vidole, maana kutwa nzima alikuwa amekaa kando ya barabara akisuka nywele za watu katika upepo wa baharini. Na nyuma ya ukuta wa mbao uliogawa vyumba vya jengo lile kuukuu la Point, mtaa wa bandarini Durban, mashine ya video ya jirani ilikuwa ikimeza kasete, ikiitapika, na kuimeza tena.

“Papa Léonard anaangalia nini kila jioni?” Désiré aliuliza.

“Muulize mwenyewe,” Yvette alisema. “Mi niko na maneno yangu. Baba alipiga simu.”

Désiré alianza kujikuna shingo. Kila Mzee Gustave alipopiga simu kutoka Lubumbashi alikuwa na neno moja tu, na neno hilo halikuwa salamu bali mahari. Désiré alikuwa amemchukua binti wa mzee, akavuka naye mipaka, akazaa naye, na mpaka siku hiyo hakuwa ametuma hata kamba ya kumfungia mbuzi.

“Anasema mbuzi wasipofika kabla ya Pasaka, mi na mtoto twende Johannesburg kwa dada yangu. Anasema hapa kwako mi ni mgeni. Sijaolewa.”

“Na wewe unasemaje?”

“Nasema baba yangu hana tabia ya kusema uongo.”

Hapa inabidi tumseme Désiré kwa ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na mazoea hayo. Aliwahi kumuuzia mchungaji saa iliyotembea tu ukiitikisa. Aliwahi kuwakodisha wageni benchi la bustani ya manispaa, kwa nusu siku, na kuwapa risiti. Mdomo wake ulikuwa laini kama mafuta ya mawese, na viatu vyake viling'aa hata siku ambazo tumbo lake lilikuwa tupu. Lakini kila ujanja wake, ukiufuata hadi mwisho, ulikuwa unaishia kwenye sufuria ya Yvette. Bila Yvette na Cathy, Désiré asingejua amdanganye nani wala kwa ajili ya nani. Akawaza juu ya Johannesburg, akainuka.

Klak, ukasema ukuta, naye akatoka kuufuata mlio.

Mlango wa Papa Léonard ulikuwa wazi na taa zake zote ziliwaka. Papa Léonard alikuwa mtu mnene mwenye duka la simu barabara ya pili: chumba kirefu, upande mmoja vibanda vya kupigia simu, upande mwingine patupu. Hakutaka kuukodisha upande ule kwa sababu kila aliyeuliza alionekana atapata faida. Jioni hiyo alikuwa amekaa mbele ya televisheni akimkazia macho kijana mmoja mwenye koti refu, aliyesimama mbele ya kanisa kubwa la mawe.

“Huyo ni nani?” Désiré aliuliza.

“Jacques, mtoto wa baba mdogo. Iko Brussels.”

“Unamuangalia kwa sababu unamkumbuka.”

“Namuangalia kwa sababu natafuta kosa.”

Yakatoka yote. Huko Lubumbashi, mjomba mkubwa wa ukoo alikuwa amekufa na kuacha nyumba ya ghorofa mtaa wa Kamalondo, yenye wapangaji hadi uani. Wazee walikuwa wakitafuta mtoto wa ukoo wa kukabidhiwa nyumba hiyo, na walimtaka mtoto aliyefika Ulaya, kwani waliamini aliyeona mawe ya zamani ya Wazungu atajua kutunza tofali. Jacques alituma kasete, anatembea makanisani, anapanda minara, anaonyesha mji kutoka juu. Na Léonard, aliyeondoka nyumbani akipitia Angola, alikuwa amewaambia siku zote kwamba yuko Lisbon.

“Sasa wazee wananiambia: Léonard, Brussels ya Jacques tumeiona. Lisbon yako tunaisikia tu.”

“Na shida iko wapi?”

“Shida ni kwamba niko Point.”

“Hiyo ni anwani tu, mon vieux, ndugu yangu,” Désiré alisema, akavuta kiti.

Désiré aliijua Lisbon vizuri sana. Mkate wake alikuwa akiununua kwa Mreno mmoja aliyetoka Maputo, na ukutani kwa Mreno kulikuwa na kalenda: Januari ngome juu ya kilima, Februari mnara ukingoni mwa mto, Machi nyumba za vigae vyekundu zilizopandana kama ngazi. Kalenda ilikuwa ya zamani, na kurasa za kuanzia Agosti zilikuwa zimechanwa kufungia samaki. Kwa hiyo Désiré aliijua Lisbon mpaka Julai.

“Durban yote ni Ulaya, ukijua pa kusimama,” alisema. “Jengo la manispaa lina makuba na nguzo. Iko saa ya chuma karibu na bandari, Wareno wenyewe ndio waliileta. Na ukipanda Morningside unaona mji wote chini, paa jekundu juu ya paa jekundu. Mi nitakupa Lisbon, na wazee watakupa nyumba.”

“Na wewe nitakupa nini?” Papa Léonard aliuliza, macho yakipungua ukubwa.

“Randi zako weka. Wewe una mbuzi kule Lubumbashi, kwa kaka yako. Wanakula tu. Toa wachache, na suti moja, na vitenge, vyote vipelekwe kwa Mzee Gustave wa Katuba.”

“Huyo si baba yake Yvette?”

“Ndiye.”

“Niwaambie wazee kwamba mbuzi wangu wanaenda kumwolea Désiré?”

“Usiwaambie kitu. Tuma neno moja tu: wapelekwe. Wakishafungwa pale uani, mi napiga simu nasema ni wangu. Mbuzi haulizwi pasipoti.”

Papa Léonard alicheka hadi kiti kikalalamika. Kuolea kwa mbuzi wa mtu mwingine kulikuwa ujanja wa aina aliyoiheshimu. Wakapeana mikono.

Kamera ilikuwa ya Mahomed. Mahomed alizaliwa Durban, na baba yake na babu yake vilevile, lakini ukoo wao uliletwa zamani kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake, kikiwa kimebaki kidogo kama sukari chini ya kikombe. Alikuwa akipiga video za harusi. Hakuna bibi harusi aliyepita mbele yake akakosa kuzungushiwa nyota na mioyo.

“Hii ni uongo?” Mahomed aliuliza.

“Uongo ni maneno. Wewe utapiga picha tu.”

“Eish. Bibi yangu hangependa.”

“Nitakubebea taa na nyaya kwa harusi zako zote za mwezi huu.”

Mahomed alijishika kiuno, mahali ambapo taa na nyaya zilikuwa zimemkaa kwa miaka. “Sharp,” alisema, yaani amekubali.

Jumapili asubuhi, watu wakiwa makanisani na mji ukiwa mtupu, Papa Léonard alisimama mbele ya jengo la manispaa akiwa na koti la sufu, skafu na glavu. Jua la Durban lilimwangalia kwa mshangao. Jasho likaanza chini ya kofia, likapita kwenye nyusi, likaingia mdomoni akiwa katikati ya neno “Lisbon.”

“Nakufa, Désiré.”

“Sema ni mvua. Ulaya inanyesha kila wakati.”

“Ndugu zangu,” Papa Léonard aliiambia kamera, “mnaona jinsi mvua ya huku ilivyo ndogo. Inanyeshea mtu mmoja mmoja.”

Jioni waliitazama kazi yao nyumbani kwa Mahomed. Makuba yalitoka vizuri, nguzo zilitoka vizuri, na Désiré alikuwa anajipongeza kimoyomoyo pale nyuma ya kofia ya Papa Léonard ilipopita teksi.

“Simamisha,” Papa Léonard alisema. “Ile gari imepita upande gani?”

Imepita kushoto. Na nyingine, kushoto. Huko Lubumbashi gari hupita kulia, na Lisbon hupita kulia, na hakuna mzee wa Kamalondo ambaye asingeliona jambo hilo kabla hata hajaona makuba. Mahomed akakohoa. Alisema mashine yake ina kitufe ambacho huwa anakitumia kwenye harusi, ili bibi harusi aonekane akijitazama mwenyewe uso kwa uso. Kinageuza picha: kulia inakuwa kushoto. Akakibonyeza.

Teksi zikapita kulia, zimetulia kama zimezaliwa Ulaya. Désiré alitaka kumbusu.

“Angalia tena,” Papa Léonard alisema kwa huzuni. Kwenye picha iliyogeuzwa, Papa Léonard alikuwa akiwapungia wazee wa ukoo wake mkono wa kushoto. Alikuwa akiwaonyesha jengo kwa mkono wa kushoto. Alikuwa akila mkate, mbele ya wajomba zake wote, kwa mkono wa kushoto.

“Wataniita mshenzi,” alisema. “Heri wajue niko Point.”

Basi wiki nzima Papa Léonard alifundishwa kuishi kwa mkono mwingine. Alikula wali kwa kushoto na nusu yake ikaanguka mapajani. Alisalimia wateja wake wa simu kwa kushoto na wawili wakaondoka bila kupiga. Kila alipokosea, Désiré alimgonga kidole kwa kijiko. Saa ya Wareno nayo ilileta maneno, kwa sababu ukigeuza picha mishale inarudi nyuma. Désiré akaamua itapigwa saa sita kamili mchana, kwa mbali, maana saa sita haina kushoto wala kulia.

Katikati ya mazoezi hayo Papa Léonard alikumbuka jambo.

“Jacques kwenye kasete ana mke. Mzungu mwembamba. Wazee hawawezi kumpa nyumba mtu anayelala peke yake. Nipe Yvette na mtoto. Kwa Jumapili moja tu.”

Désiré alijikuna shingo kwa muda ambao mtu mwaminifu angeutumia kukataa. Kisha akamwaza Mzee Gustave na mbuzi, akamwendea Yvette akiwa na maneno mengi mazuri mkononi. Hakuyahitaji. Yvette alimsikiliza, akauma uzi aliokuwa anashonea gauni la Cathy, akasema, “Nitavaa kitenge cha kijani.”

“Hukasiriki?”

“Nikasirike nini? Siku zote nilitaka kuiona Ulaya.”

Ngome ya Januari ilipatikana juu ya ukingo wa Morningside, kwenye ukuta wa mawe wa nyumba ya tajiri mmoja, mahali ambapo mji wote unashuka miguuni mwako mpaka bandarini. Désiré alipanga watu: Papa Léonard kulia ili atoke kushoto, Yvette ubavuni mwake, Cathy mbele na utepe mpya kichwani. Mlinzi wa nyumba, Mzulu mzee mwenye fimbo, alikuja kuuliza wanataka nini. Désiré akamwambia ni harusi. Mlinzi akauangalia mkono wa Yvette uliotulia juu ya koti la Papa Léonard, akasema “Halala,” akawapigia makofi. Désiré naye akapiga makofi, kwa ajili ya kazi.

“Chini kule ni mto Tagus,” alimwelekeza Papa Léonard.

“Ile ni bandari.”

“Leo ni mto. Endelea.”

“Wazee wangu,” Papa Léonard alianza, akinyoosha mkono wa kushoto kwa ustadi, “hii ndiyo Lisbon ya zamani, kutoka juu ya ngome. Mfalme alikuwa anasimama hapa nilipo, anahesabu meli. Mnara wa Belém uko pale nyuma ya ule mti. Mti umekua, hamuwezi kuuona. Na hawa ni watu wangu.”

Yvette aliweka mkono wa kushoto kifuani, akapiga goti kidogo. “Wazazi, mi naitwa Yvette. Baba yangu ni Mzee Gustave wa Katuba, fundi wa baiskeli karibu na soko. Kila mtu pale anamjua. Nawasalimia.”

Ndipo Cathy, ambaye hakuna aliyekumbuka kumfundisha mkono wowote, akanyanyua mkono wa kulia juu kabisa na kuupunga. Kwa biskuti alizokuwa amehongwa asubuhi, akasema pia, “Papa Léonard ni papa yangu.”

“Turudie,” Désiré alisema. “Mtoto ametumia mkono mzuri. Utatoka mbaya.”

“Betri imekufa,” Mahomed alisema. “Na niko na harusi Chatsworth.”

“Ni mtoto,” Papa Léonard alisema. “Nani atamwangalia mtoto?”

Wakishuka kilima Désiré alimvuta Yvette pembeni. “Kwa nini uliwapa anwani ya baba yako?”

“Uongo bila anwani nani ataamini? Wewe ndiye ulinifundisha.”

Désiré akaona ni kweli, akajisikia fahari kidogo.

Mahomed aligeuza picha, akafuta kelele za teksi, akaweka muziki wa kinanda wa harusi, na kwa mazoea tu akazungusha moyo mmoja kati ya Papa Léonard na Yvette. Kasete ikaondoka na Mama Marcelline, mchuuzi aliyekuwa akisafiri na mizigo kati ya Durban na Lubumbashi, na ambaye zawadi za Papa Léonard zilikuwa zimemfundisha kunyamaza. Pamoja na kasete alibeba neno la mdomo: mbuzi, suti na vitenge vipelekwe kwa Mzee Gustave wa Katuba.

Désiré alihesabu mwendo wa malori, kisha akaingia kibandani kwa Papa Léonard na kupiga simu.

“Baba mkwe, mbuzi wako njiani. Ni wangu.”

“Wako njiani na nani?” Sauti ya Mzee Gustave ilikuja kama kutoka ndani ya debe.

“Na watu wangu.”

“Bon,” Mzee Gustave alisema. “Nitawaona.”

Usiku huo Désiré alinunua kadi ya umeme, ya pesa zake mwenyewe, na kumwambia Yvette ajiandae kuitwa mke.

Mama Marcelline alirudi wiki ya Pasaka, Jumamosi mchana, akaweka mezani kwa Papa Léonard vitu viwili: mfuko wa samaki wakavu na kasete. “Wazee wamewajibu,” alisema, akaondoka haraka kuliko kawaida yake. Papa Léonard akaita jirani zake. Désiré alikaa mbele kabisa, mguu juu ya mguu, Cathy mapajani. Yvette alisimama mlangoni na chanuo lake, maana alikuwa ametoka kumsuka mtu nusu kichwa.

Uwanja ulionekana, wenye vumbi jekundu la Katuba, na watu wamekaa kwenye viti vya kanisa. Mzee mwenye kofia ya manyoya akasimama.

“Mtoto wetu Léonard,” alisema, “Lisbon yako tumeiona. Mji mzuri, ingawa mvua yake ina ubaguzi. Umetutumia neno kwamba mbuzi wapelekwe kwa Mzee Gustave. Tulishangaa. Mbuzi waende peke yao, bila wazee, bila maneno? Tukasema: Ulaya imemsahaulisha desturi, lakini moyo wake ni wa kwetu. Anataka kuoa vizuri. Tukakurekebishia.”

Mguu wa Désiré ulishuka kutoka juu ya mguu.

Bibi mmoja akanyang'anya nafasi. “Na mtoto,” alisema. “Tulimwona mtoto anatupungia kushoto. Mi sikulala. Mtoto wetu anapotelea kwa Wazungu kwa sababu hatujamtolea kitu, hana ukoo wa kumfundisha mkono. Nikawaambia hawa wanaume, leo hii, sio kesho.”

Na pale wakaja mbuzi, wamefungwa utepe, na nyuma yao mzee wa kusemea ukoo, na wanawake wanaoimba, na ndani ya suti mpya, imembana kidogo mabegani, Mzee Gustave. Alipokea kamba za mbuzi kwa mikono miwili. Kisha akaifuata kamera hadi uso wake ukajaza televisheni.

“Mkwe wangu Léonard, asante. Huyo mwingine, Désiré, alinipigia simu akasema mbuzi ni wake. Sikubishana. Hawa wamekuja na wazee, wa kwake walikuja na sauti tu.”

Yule mwenye kofia akamalizia: nyumba ya Kamalondo apewe Léonard, mtu aliyeoa kwa heshima. Makanisa ya Jacques yalikuwa mazuri lakini mke wake kwao hakujulikani. Na kiangazi kikija, Léonard amlete Yvette na mtoto nyumbani, waonekane.

Klak.

Kisha kwenye uso wa Papa Léonard kikaanza kuchomoza kitu, polepole, mfano wa tabasamu.

“Wazee wameamua,” alisema. “Mi ni nani niwapinge wazee?”

“Léonard,” Désiré alisema, na mdomo ule wa mafuta ya mawese ukakauka hapo hapo. “Léonard, huyu ni mke wangu.”

“Ulimwoa kwa mbuzi gani?”

Désiré alimgeukia Yvette. Alikuwa na maneno, siku zote alikuwa nayo, aliyatafuta mifuko yote. “Sema kitu,” alimwambia.

“Mi nishasema,” Yvette alijibu. “Juu ya ngome.”

Ndipo Désiré akamwona. Kitenge cha kijani, goti lililopigwa kwa utaratibu, jina la baba, mtaa, kazi. Akakumbuka jinsi alivyokubali haraka bila kukasirika. Kumbe alipokuwa akiwapanga watu mbele ya kamera, Yvette alikuwa akimpanga yeye.

“Ulijua,” alisema.

“Nilijua mbuzi watafuata jina. Sikujua watafungiwa hata utepe.” Yvette aliingia ndani, akaweka chanuo mezani. “Papa Léonard, usicheke sana. Wazee wanamsubiri mkeo kiangazi. Mkeo yuko Lisbon. Nenda kamtafute.”

Tabasamu likasita. “Mama Cathy, tunaweza kuongea.”

“Tunaongea. Mi nina namba ya simu ya baba, na baba sasa anakaa kwenye viti na wazee wako. Nikipiga nikamwambia awaambie kwamba niko Point, na wewe uko Point, nyumba ya Kamalondo inaenda Brussels. Nisipopiga, tunaweza kusema nimechelewa kwa ajili ya viza, kiangazi hiki na kinachofuata.”

“Unataka nini?”

“Ule upande mtupu wa duka lako. Na kioo kikubwa. Mlango uwe unafungwa, upepo umenila mikono.”

Papa Léonard aliangalia dari, akaangalia televisheni iliyozimwa, akaona nyumba ya Kamalondo na wapangaji wake hadi uani. “Kioo cha ukubwa gani?” aliuliza kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Désiré aliona njia inafunguka, akasimama, akakung'uta vumbi kwenye koti lake. “Bon. Basi mambo yamekwisha. Twende nyumbani, mama.”

“Nani?” Yvette aliuliza.

“Sisi.”

“Désiré, mi nimeolewa Lisbon. Hapa Durban ni binti ya Mzee Gustave. Siwezi kulala chumba kimoja na mwanamume asiyejulikana kwetu, baba ataona aibu na suti yake mpya.” Alisema bila kupandisha sauti, na macho yake yalikuwa yanacheka na yanaomba kwa wakati mmoja, na hilo la pili ndilo lililomwumiza Désiré. “Mtu akinitaka, kwetu anakujua. Atume mbuzi, wa jasho lake, na wazee, na maneno. Baba atawarudisha wale wa Léonard siku hiyo hiyo. Nimeshamuuliza.”

Sanduku la Désiré lilikuwa limekwisha kupangwa. Shati zilikuwa zimepigwa pasi.

Mahomed alimpa godoro kwenye stoo, katikati ya stendi za taa. Harusi za mwezi mmoja zikawa za miezi. Désiré alibeba nyaya, alisimika taa, alifuta jasho, na siku za wiki alishusha magunia kwenye maghala ya Clairwood, mahali ambapo mdomo wake haukumsaidia chochote kwa sababu gunia halisikii. Mara mbili alipata wazo zuri sana, lenye faida ya haraka. Mara zote mbili alilifikisha hadi mlangoni kwa Mama Marcelline, akaliacha, akampa pesa za kununulia mbuzi mmoja badala yake. Mchungaji yule wa saa, na mzee mmoja mstaafu wa kwaya, walikubali kuwa wazee wake na kusafiri hadi Katuba, baada ya saa kutengenezwa.

Na kila Jumapili jioni, Désiré alioga, akavaa tai, akang'arisha viatu, akapanda ngazi za jengo lile la Point akiwa na mkate wa Mreno kwapani, akabisha hodi kwenye mlango ambao kitasa chake alikirekebisha mwenyewe. Alikuwa akisubiri hapo amesimama wima, jirani wote wakichungulia, akinyoosha tai kama hajawahi kumwona mtu aliye ndani.

Jumapili hiyo neno lilikuwa limefika mchana kutoka Katuba: mbuzi wapya wamefungwa uani, na wazee wamekula. Alibisha. Kitasa kikazunguka. Cathy akafungua, akamkagua kuanzia viatu hadi tai, akageuza kichwa na kuita kwa sauti iliyosikika koridoni nzima:

“Mama, mchumba wako amefika.”